Hodi, Isaka: usiku mmoja gesti, usiku wa pili nyumba kongwe

Saa nane za usiku Isaka bado haijalala. Barabarani malori ya kwenda Rusumo yamejipanga pua kwa mkia, mengine injini zikiendelea kunguruma. Upande wa stesheni mabehewa yanagongana yakipangwa. Katikati ya makelele hayo kuna mlango wa bati wenye taa moja, na juu yake maandishi ya rangi iliyoanza kubanduka: NYUMBA YA KULALA WAGENI. Mgeni anapiga hodi. Ndani kandambili zinaburuzwa sakafuni, komeo linavutwa, na sauti yenye usingizi inauliza hata kabla ya salamu: "Wangapi?"

Swali hilo lina sababu. Bei ya chumba kwenye gesti nyingi za njia hii hutegemea idadi ya vichwa, na zipo zisizopokea wanaume wawili kwenye kitanda kimoja, hata wawe ndugu wa tumbo moja. Mgeni ajibu lililo kweli, kisha naye aulize ya kwake kabla hajatua begi. Maswali ya kuuliza ndiyo yanayofuata hapa. Na kwa yule ambaye kitanda peke yake hakimtoshi, anayetamani kulala ndani ya historia kama wanavyofanya wageni kwenye nyumba kongwe za miji midogo ya Scotland, kuna usiku wa pili, kusini mwa Isaka, mwisho wa tawi hilihili la reli.

Mji wa watu wanaopita

Isaka iko kwenye Halmashauri ya Msalala, mkoani Shinyanga, chini ya saa moja kwa gari kutoka Kahama. Iliyoiweka kwenye ramani ni reli. Waingereza walipomaliza tawi la kutoka Tabora hadi Mwanza mwaka 1928, pamba ya Usukuma ilipata njia ya kushuka pwani, na Isaka ikapata stesheni. Kwa miaka mingi ilikuwa hiyo tu: jukwaa, mwembe, watu wanaosubiri.

Kilichoubadilisha mji ni kwamba hapa ndipo reli inapokutana na barabara ya magharibi, ile inayopita Kahama, Ushirombo na Nyakanazi hadi daraja la Rusumo. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Ngara, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilishusha magunia kutoka kwenye mabehewa hapa Isaka na malori yakayapeleka makambini. Baadaye bandari kavu ikakaa sawasawa, makontena ya Rwanda na Burundi yakawa yanaachana na treni hapa na kupanda lori. Na sasa kuna ujenzi wa reli ya kisasa: kipande cha Mwanza–Isaka, kilomita 341, kiliwekewa jiwe la msingi Juni 2021, na mkataba wa Tabora–Isaka ukatiwa saini Julai 2022.

Kila zamu kati ya hizo ilileta watu wanaohitaji pa kulaza ubavu. Dereva na utingo wake. Wakala wa forodha mwenye faili la plastiki. Mnunuzi wa mchele anayewahi mashine za Kagongwa. Mchimbaji anayetoka Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, akiwa na buti zenye vumbi jekundu. Gesti za Isaka zilijengwa kwa ajili yao. Anayefika akitegemea dirisha linalotazama bustani atakuwa ameujia mji huu kwa hesabu isiyo yake, maana mgeni wa hapa hulipia mambo matatu: mlango unaofungwa, maji ya kuoga, na mtu wa kumwamsha gari lisije likamwacha.

Hilo la tatu ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo linalosahauliwa. Gesti mbili zinaweza kuwa na kitanda kilekile, shuka zilezile zenye maua na feni ileile ya kichina, zikatofautiana kwa mhudumu tu. Mmoja ukimwambia saa kumi anagonga saa kumi kasoro robo na kusubiri mpaka usikie. Mwingine anasema "sawa" na kurudi kulala.

Namna ya kufika

Mabasi ya Mwanza kwenda Dar es Salaam hayaingii Isaka. Yanapita Shinyanga, yanafika Tinde, na hapo yanakamata njia ya Nzega. Anayekuja Isaka ashuke Tinde, avuke barabara, na asubiri gari la Kahama. Anayetoka Kahama hana shida, magari madogo yapo tangu alfajiri, na konda huita Kagongwa na Isaka kwa pumzi moja.

Kwa treni ya reli ya zamani, ile ya Dar es Salaam hadi Mwanza, Isaka ni kituo baada ya Tabora. Siku za safari na muda hubadilika, hasa mvua zikiharibu tuta, kwa hiyo aliyeshika tiketi ya mwezi uliopita asiichukulie kuwa ratiba ya mwezi huu, aulize stesheni. Na aangalie saa vizuri. Tiketi huandikwa kwa saa za kimataifa: 20:00 ni saa mbili usiku, 02:00 ni saa nane usiku. Kuna watu wamefika stesheni saa mbili asubuhi na begi kichwani kwa kusoma 02:00 kama ilivyo, treni ikiwa imeshapita saa sita nyuma.

Ukishuka usiku, usikubali bodaboda akuchagulie gesti. Si kwamba ana nia mbaya. Mara nyingi atakupeleka kule anakopewa chochote kwa kuleta mteja. Mtajie jina la gesti uliyoelekezwa na mtu aliyelala humo, au mwambie akupeleke iliyo karibu na stendi ukaangalie mwenyewe.

Mlangoni

Salamu kwanza. Isaka ni Usukumani, na salamu ya haraka husikika kama tusi dogo. Kwa Kiswahili "shikamoo" inamtosha kila aliyekuzidi umri. Mwenye kutaka kufunguliwa moyo pamoja na mlango ajaribu ya wenyeji: "Mwangaluka" asubuhi, "Mwadila" kuanzia mchana hadi jioni, na kwa mama mwenye nyumba aongeze "mayu". Mgeni kutoka Tanga au Mtwara akiitamka kwa kuikosea atachekwa, na mwenye kuchekwa kwa wema mara nyingi hupata chumba cha uani.

Chumba cha uani kina thamani yake. Gesti nyingi hapa zimejengwa kwa umbo la herufi U, vyumba vikitazamana na ua wa ndani. Vya mbele viko karibu na barabara, na lori linaloachwa likinguruma nje ya dirisha hutikisa hata glasi ya maji mezani. Vya nyuma vina utulivu, isipokuwa vikipakana na reli, ambapo honi ya treni haina adabu ya kujua ni usiku. Mazungumzo ya mlangoni huenda hivi:

"Habari za usiku, dada. Kuna chumba?"

"Kipo, kaka. Cha selfu au cha kawaida?"

"Cha selfu. Kipo cha nyuma?"

"Kimoja. Ila feni yake inapiga kelele."

"Naweza kukiona kwanza?"

Sentensi ya mwisho ndiyo ya dhahabu, na haina ukali wowote. Mhudumu mzuri hashangai kuulizwa hivyo. Atachukua ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha mti chenye namba iliyochomwa kwa msumari wa moto (kipande kikubwa makusudi, mgeni asije akaondoka nacho mfukoni) na kutangulia. Humo ndani dakika mbili zinatosha. Washa taa, washa feni. Fungua bomba: maji yanatoka, au yanakohoa? Kunja shuka la juu uangalie la chini. Tandaza neti yote mpaka sakafuni, maana tundu la neti halionekani ikiwa imefungwa fundo juu ya kitanda. Funga komeo kwa ndani na ulivute. Ukimaliza hapo, ndipo uulize bei, na uulize pia kama chai imo.

Kuna swali moja wengi huona haya kuliuliza. Mji wa malori una gesti zinazopangisha kwa saa, na kwenye gesti hizo milango hugongwa usiku kucha, redio hupigwa, na ugomvi wa bei hutokea koridoni. Baba mwenye watoto, binti anayesafiri peke yake, mwalimu anayekwenda kuripoti kituo kipya, wote hawa wana haki ya kuuliza waziwazi: "Hapa mnapangisha kwa saa?" Jibu la "hapana, hapa ni kulala tu" likitoka haraka, tena kwa kujivuna kidogo, kaa hapo. Likitanguliwa na kicheko, shukuru uende mbele. Baadhi ya gesti zinazoendeshwa na familia za Kiislamu haziruhusu pombe wala mgeni wa usiku chumbani, na bango lake liko ukutani. Kwa mwenye kutaka usingizi, bango hilo ni tangazo zuri kuliko nyota yoyote.

Ujenzi wa reli nao umeongeza jambo. Kampuni ikihitaji malazi ya mafundi wake huweza kuchukua vyumba kwa wiki au mwezi, na gesti iliyokuwa na nafasi kila siku ikajaa ghafla. Piga simu mchana. Ukiambiwa "njoo tu", uliza chumba kitashikwa kwa jina la nani.

Daftari

Baada ya kukubaliana linaletwa daftari kubwa lenye jalada gumu, mistari imepigwa kwa rula na kalamu ya bluu. Jina. Unatoka wapi. Unakwenda wapi. Kazi. Namba ya kitambulisho. Namba ya chumba. Saa ya kuingia. Sahihi. Kwenye madaftari ya zamani kulikuwa na safu ya kabila, na bado utaikuta mahali pengine, watu wakiijaza kwa mazoea.

Wako wanaoandika jina la uongo kwa utani au kwa sababu zao. Ni upumbavu. Daftari hilo polisi wana haki ya kulikagua, na zaidi ya hapo ndiyo kumbukumbu pekee kwamba wewe, fulani bin fulani, ulilala Isaka tarehe hiyo. Ukiugua usiku, ukiibiwa, ukitafutwa na ndugu zako, watu wataanzia kwenye mstari huo. Andika vizuri, omba risiti, na fedha nyingi usiziache chumbani. Kama unazo taslimu kwa ajili ya mchele au dhahabu, ziweke kwenye simu au benki Kahama kabla hujafika. Dhahabu isitajwe kabisa. Mtu anayetoka machimboni hana haja ya kumweleza jirani wa koridoni alichopata wiki hii.

Aliye mdadisi asifunge daftari haraka, asome kwa jicho la pembeni mistari iliyo juu ya wake. Ngara. Kigali. Tunduma. Bariadi. Dereva. Dereva. Mkulima. Fundi rangi. Muuguzi. Dereva. Hakuna makumbusho yanayoieleza Isaka kwa ufasaha kama ukurasa huo.

Usiku na chai

Maji ya Isaka ni ya Ziwa Victoria. Yanavutwa Ihelele, wilayani Misungwi, kwa mradi mkubwa uliozinduliwa mwaka 2009 kuzipatia maji Shinyanga na Kahama, na mabomba yakaongezwa baadaye kuufikia mji huu. Kabla ya hapo watu walitegemea visima na malambo, na wazee wa hapa bado huangalia bomba kwa heshima fulani. Hata hivyo yanaweza kukatika, ndiyo maana bafuni kuna jaba na kopo. Ukilikuta jaba limejaa na limefunikwa, umekuta gesti inayojua kazi yake. Maji ya moto huja kwa ndoo, ukiyaagiza. Yaagize usiku uleule, usingoje asubuhi wakati watu kumi na wawili wanagombea jiko moja la mkaa. Juni na Julai alfajiri ya Usukuma ni baridi kuliko wageni wa pwani wanavyodhani.

Neti ishuke hata msimu wa kiangazi. Kandambili zinazokuwa chini ya kitanda, moja ya kijani na moja nyekundu, ni za kuogea. Viatu vyako viingize ndani, usiviache mlangoni.

Asubuhi ndipo gesti ya Isaka na nyumba ya kulala ya Scotland zinapoachana njia. Kule chai imo ndani ya bei na hupikwa na mwenye nyumba mwenyewe. Hapa, kwa gesti nyingi, bei ni ya chumba tu, na chai iko nje, kwa mama lishe aliyewasha moto tangu saa kumi na moja. Wala si hasara. Supu ya ng'ombe yenye ndimu na pilipili mbuzi, chapati mbili, chai ya rangi yenye tangawizi: dereva aliyekesha akipanga foleni ya kibali hukaa hapo benchini akanywa kimya, mikono miwili imeshika bakuli.

Muulize mama kama ana michembe au matobolwa. Ni viazi vitamu vilivyokaushwa juani, akiba ya Usukuma kwa miezi ya njaa, na wageni huvichanganya. Michembe hukatwa vikiwa vibichi na kuanikwa. Ikifika wakati wa kula hupikwa, wengine huiunga kwa karanga. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo hukatwa na kuanikwa, na huliwa hivyohivyo kavu, ngumu mwanzoni kama kipande cha mti, kisha utamu unaanza kutoka taratibu ukitafuna. Mfuko mdogo wa matobolwa unamfikisha mtu Tabora bila kununua biskuti.

Usiku wa pili

Tabora ndiyo yenye nyumba kongwe. Njia kuu ya reli mpya kutoka Isaka hadi huko ni kilomita 130. Kwa sasa mtu huenda kwa treni ya zamani ikiangukia siku yake, au kwa gari kupitia Tinde na Nzega. Apige hatua hiyo asubuhi, afike mchana, aione nyumba kukiwa na mwanga.

Nyumba yenyewe ni Orion Tabora Hotel, ambayo wazee wa reli bado wanaiita Railway Hotel. Ni jengo la Wajerumani, linalotajwa kuwa la mwaka 1914, mwaka uleule reli ya kati ilipofika Kigoma. Husimuliwa kwamba lilijengwa kwa ajili ya ujio wa mtawala wa Ujerumani kuja kuwinda, na kwamba vita vikavuruga mpango. Hadithi hiyo ipokelewe kama hadithi za hotelini zinavyopokelewa, kwa tabasamu na soda baridi. Lisilo na shaka ni kwamba Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora, na baadaye waliomiliki reli ndio waliokuwa na funguo za nyumba hiyo kwa muda mrefu.

Anayelala kwenye jengo la aina hii abadilishe maswali yake. Gesti ya kisasa huulizwa kuhusu maji na umeme. Nyumba kongwe huulizwa kuhusu upande. Omba chumba cha jengo la zamani, si cha nyongeza, na kiwe cha barazani. Kuta nene zinakunywa joto la mchana polepole na dari refu linalipandisha juu, ndiyo maana mafundi wa enzi hizo hawakuhitaji kiyoyozi. Lakini mabomba yaliingizwa baadaye kwenye kuta ambazo hazikuandaliwa kwa ajili yake, kwa hiyo bafu la nyumba kongwe popote duniani lina kona za ajabu. Usitegemee maji yafike kwa nguvu ya jengo jipya. Sakafu hulia. Milango mizito hufungwa kwa bega. Anayeudhika na hayo arudi kwenye vigae na alumini, na hakuna atakayemlaumu.

Scotland kulaza wageni kumepewa sheria. Mwenye nyumba anayelaza wageni kwa muda mfupi, hata kama ni vyumba viwili kwenye nyumba anayoishi mwenyewe, anatakiwa awe na leseni ya halmashauri, na namba ya leseni hiyo ionekane kwenye tangazo lake. Mtanzania anayekwenda kumtembelea mwanawe anayesoma Glasgow au Aberdeen aitafute namba hiyo kabla hajatuma fedha. Akifika huko atapewa ufunguo wa mlango wa mbele na karatasi ya kuweka alama jioni: uji wa oti, mayai, soseji, mkate mwembamba wa viazi ambao kwa macho ni chapati iliyokatwa pembetatu, na soseji nyeusi ya damu, ambayo Mwislamu na wengine wengi watairuka. Muda wa chai ni wa kweli. Wakiandika mwisho saa tatu asubuhi, saa tatu na robo jiko limeshafungwa, na mwenye nyumba anakunja shuka. Viatu vyenye matope huvuliwa ukumbini. Bei haijadiliwi mlangoni kama Isaka. Vingine vyote mgeni atavitambua, pamoja na mama mwenye nyumba anayetaka kujua unatoka wapi na unakwenda wapi, safu zilezile za daftari, ila kwa mdomo.

Na nchi hizi mbili zilishalazana zamani. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipoingia Kazeh, kitongoji cha Tabora ya leo, Novemba 7, 1857, siku ya 134 tangu waondoke pwani, waliopokea mizigo yao na kuwapa nyumba ni wafanyabiashara Waarabu, Snay bin Amir mbele. Hapakuwa na gesti. Palikuwa na tembe la mtu, na desturi kwamba mgeni wa msafara hulazwa. Miaka 14 baadaye mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipewa tembe Kwihara, kilomita chache nje ya mji, na Februari 1872 akarudi hapo kutoka Ujiji akiwa na David Livingstone.

Livingstone, mmisionari na msafiri, ndiye Mskoti wa hadithi hii. Alizaliwa mwaka 1813 Blantyre, mji mdogo wa kiwanda cha pamba, kwenye jengo la wafanyakazi ambamo familia 24 zilikaa, kila moja chumba chake kimoja. Mtu aliyekulia chumba kimoja akaachiwa tembe zima la Kwihara. Stanley aliondoka Machi 14. Livingstone akabaki akiwasubiri wapagazi kutoka pwani, mwezi baada ya mwezi, hadi Agosti 25. Zaidi ya miezi mitano kwenye nyumba ya kuazima: hakuna mgeni wa Isaka aliyewahi kuchelewa kuondoka kiasi hicho. Mwaka uliofuata alifariki, na watumishi wake Chuma na Susi wakapita tena hapa wakiwa wamebeba maiti yake, wakielekea pwani.

Tembe hilo lilijengwa upya na sasa ni makumbusho. Ni la udongo, paa lake bapa, milango ya nakshi, na ndani kuna ubaridi unaofanana na ule wa vyumba vya barazani hotelini. Halilazi mtu siku hizi. Nusu saa inatosha kwa asiyesoma vibao, saa moja kwa anayesoma. Kwenda huko bodaboda wanapajua, ila mgeni apatane naye bei ya kwenda na kurudi kabisa, amwombe asubiri chini ya mwembe, na ampe sehemu tu ya fedha mwanzoni, maana barabara ya Kwihara haina magari mengi ya kupita na jua la Unyamwezi likishika saa saba kurudi kwa miguu si mchezo.